Mnunuzi anataka cheti cha nishati cha nyumba yangu, nikitoe wapi?

SWALI

Kamwene mshauri, na pole kwa kazi. Mimi ni mjane, naishi Mtwivila hapa Iringa mjini. Mume wangu alifariki mwaka 2021, akaniachia watoto watatu. Wawili wana maisha yao, wa mwisho yuko chuo Mbeya. Nyumba tuliyojenga na marehemu ina vyumba vitatu na sasa nalala peke yangu. Magoti yananisumbua, kile kilima cha kutoka barabarani hadi nyumbani nakipanda kwa kupumzika mara tatu. Binti yangu mkubwa yuko Mafinga, ananiita nikakae naye, nami nimekubali. Nimeamua kuuza.

Dalali alinitafutia mnunuzi. Ni kijana wa huku huku Iringa, ila anafanya kazi ya uuguzi Uingereza. Tumeongea kwa simu mara nne, ana adabu, ananiita mama. Tumeelewana milioni 58. Wiki mbili zilizopita alinitumia orodha ya vitu anavyotaka kuviona kabla ya kutuma pesa. Vingi navielewa: hati, risiti za kodi ya ardhi, picha za bikoni (mawe ya mipaka ya kiwanja) zote nne. (Bikoni nimepata tatu. Mpaka wa nyuma tulipanda mianzi, siku hizi ni kichaka.) Lakini namba tatu ameandika "cheti cha nishati cha nyumba". Anasema huko aliko nyumba haiuzwi bila hicho cheti, na nisipokuwa nacho itabidi apunguze bei, maana hajui nyumba inakula umeme kiasi gani.

Nimemuuliza fundi wangu wa umeme, hakijui. Nimemuuliza jirani yangu ambaye ni mwalimu mstaafu, naye hajawahi kukisikia. Dalali akasema anamjua mtu wa kukitoa kwa laki nne, kina muhuri na kila kitu, siku mbili tu. Nikampa laki moja ya kuanzia. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Hati ninayo. Iko kwa jina la marehemu, ni ya miaka 33 kuanzia Julai 1997. Mirathi hatukufungua kwa sababu hapakuwa na ugomvi. Ila juzi shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, aliposikia nauza alisema nyumba ya mdogo wake haiuzwi bila yeye. Bati za nyumba ile nilinunua mimi kwa kuuza vitumbua. Mnunuzi yuko tayari kutuma milioni 10 za kuanzia mwisho wa mwezi huu. Nipokee? Na hicho cheti nikitoe wapi?

Mama wa Watatu, Mtwivila

JIBU

Kamwene dada yangu, na pole kwa yote uliyoyabeba peke yako tangu 2021.

Nianze na linalokunyima usingizi. Usimpe dalali shilingi nyingine. Sheria zetu hazimtaki mtu anayeuza nyumba yake ya kuishi awe na cheti cha nishati. Kwa hiyo karatasi atakayokuletea huyo mtu wa laki nne, hata iwe na mihuri mitano, itakuwa ya kughushi, na wa kuikabidhi kwa mnunuzi ni wewe. Kughushi nyaraka ni jinai, na kutumia nyaraka unayojua ni ya kughushi nako ni jinai. Mpigie leo, mwambie umeghairi na unaomba laki yako. Akikataa kuirudisha, mwachie. Najua inauma, lakini inauma kidogo kuliko kuitwa polisi siku mnunuzi atakapogundua.

Huyo kijana simwoni kama tapeli. Ameuliza kitu anachokijua. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo mwaka 2002 kwamba nyumba ikijengwa, ikiuzwa au ikipangishwa iwe na cheti kinachoonyesha inatumia nishati kiasi gani. Uingereza ilikuwa bado mwanachama, na England na Wales zilianza kuvitumia mwaka 2007. Mkaguzi anapita nyumbani, anaangalia kuta, paa, madirisha, mtambo wa kupasha joto na taa, kisha nyumba inapewa daraja kuanzia A, ambalo ni bora, hadi G. Cheti kinadumu miaka 10. Ni jambo zito kwao, kiasi kwamba tangu Aprili 2018 mwenye nyumba England na Wales haruhusiwi kuingia mkataba mpya wa kupangisha nyumba iliyo chini ya daraja E, isipokuwa awe na msamaha uliosajiliwa. Sababu ni baridi yao. Nyumba inapashwa joto miezi mingi ya mwaka, na yenye kuta zinazovujisha joto inaweza kummaliza mtu kwa gharama. Ukikaa huko miaka, unarudi kununua nyumba nyumbani ukiwa na orodha ile ile kichwani.

Sasa, swali lililo ndani ya ombi lake ni halali, nawe una uwezo wa kulijibu bila cheti. Anataka kujua nyumba inakula umeme kiasi gani. Chukua simu unayonunulia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, fungua meseji za tokeni za miezi 12 iliyopita. Kila meseji ina tarehe, kiasi cha pesa na uniti. Ziandike kwenye karatasi ya daftari mwezi kwa mwezi, ukianzia mwezi uliopita kurudi nyuma, na chini uandike namba ya mita. Mwambie pia ukweli ambao meseji hazisemi: unapikia nini, mkaa au gesi, na Juni na Julai unaota moto wa kitu gani. Iringa ile baridi ya asubuhi anaijua, amekulia humo. Mwambie kama nyumba ina dari vyumba vyote au sebuleni tu, kama madirisha yanafunga sawasawa, na jua la asubuhi linaingia upande gani. Kwa nyumba ya milimani kwetu, dari na madirisha ndiyo yanayoamua kama utaamka na vidole vimekufa ganzi.

Kuhusu nyaya, hapa kuna karatasi halali unayoweza kumpa. Tafuta mkandarasi wa umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, akague nyaya, swichi kubwa na waya wa ethi, halafu aandike taarifa yake kwa jina lake na namba ya leseni. Kwa nyumba iliyojengwa baada ya hati ya 1997, ni jambo la busara hata kama humuuzii mtu. Hiyo taarifa haitakuwa cheti cha nishati, na usikubali iitwe hivyo.

Hapo nimemaliza habari za cheti. Sasa tuje kwenye karatasi inayokosekana kweli, ambayo wewe umeitaja kwa mstari mmoja tu kuelekea mwisho wa barua.

Dada yangu, leo hii huna uwezo wa kisheria wa kuuza nyumba hiyo. Hati iko kwa jina la mtu aliyefariki, na maiti haisaini. Wala mke, wala mtoto mkubwa, wala kaka wa marehemu hawezi kusaini kwa niaba yake mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Kutokuwa na ugomvi hakuondoi hilo. Watu wengi Iringa na Mbeya wanaishi miaka 10 au 20 kwenye nyumba za marehemu bila kufungua mirathi na hakuna linalotokea, hadi siku ya kuuza. Ndipo wanapokimbilia kuandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili, mnunuzi analipa, na hati inabaki ilivyokuwa. Mnunuzi wako yuko makini. Atampa mtu kazi ya kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, atakuta jina la marehemu, na atauliza. Ni heri asikie kwako kwanza.

Kwa hiyo jibu la milioni 10 ni hapana, kwa sasa usizipokee. Ukizipokea ukazitumia, kisha mirathi ikachelewa au shemeji akaweka pingamizi, utakuwa mdaiwa wa mtu aliye ng'ambo kwa mkataba ambao hukuwa na mamlaka ya kuusaini.

Mwendo ni huu. Tafuta cheti cha kifo cha marehemu. Kama hukuwahi kukichukua, kinatoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na ofisi ya mkuu wa wilaya watakuelekeza. Kisha itisheni kikao cha ukoo. Mwite shemeji yako. Nasema hivi nikijua amekuumiza kwa maneno yake, na najua zile bati zilitoka kwenye kikaango chako. Lakini mtu aliyekaa kwenye kikao na kusaini muhtasari ni vigumu kusimama baadaye mahakamani kusema hakushirikishwa, na aliyeachwa nje ana haki ya kwenda kupinga wakati maombi yako yametangazwa. Watoto wako wote watatu nao wawepo, huyo wa Mbeya apande basi aje. Wao ni warithi, na haki yao katika nyumba hiyo ni nzito kuliko ya baba yao mkubwa. Kikao kinakupendekeza wewe uwe msimamizi. Muhtasari uandikwe majina ya waliohudhuria, siku, mahali, mali zilizoachwa, warithi ni nani, na kila mmoja asaini.

Kuna hatua moja ambayo watu huikosea na inakuja kuwagharimu. Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi inayofuata mila au sheria za Kiislamu. Kama wewe na marehemu mlifunga ndoa kanisani na kuishi Kikristo, muulize wakili au karani wa mahakama kabla ya kulipia fomu: faili langu likae wapi? Usimamizi uliotolewa na mahakama isiyo na mamlaka unaweza kufutwa baadaye, hata nyumba ikiwa imeshauzwa, na hapo wewe, mnunuzi na watoto mtarudi mwanzo pamoja. Huduma ya msaada wa kisheria ipo kwa wasiomudu wakili. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri au mahakamani penyewe.

Ukishateuliwa, peleka barua ya usimamizi kwa Msajili wa Hati, jina lako lisajiliwe kwenye hati kama msimamizi. Zamani watu wa Iringa walikuwa wanafunga safari hadi Mbeya kwa mambo ya usajili; siku hizi kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, kwa hiyo magoti yako yatapumzika. Kuanzia hapo ndipo unaweza kusaini mkataba wa mauzo. Na mauzo yakikamilika, kazi yako ya msimamizi bado haijaisha: unatakiwa kurudi mahakamani na orodha ya mali na hesabu ya ulivyogawa, ndani ya muda utakaopewa. Milioni 58 si zako peke yako. Kaa na watoto mapema mkubaliane, kiandikwe.

Nikirudi kwenye hati yako, kuna kitu hukukiuliza. Umesema ni ya miaka 33 kuanzia Julai 1997. Hesabu nami: inafika mwisho Juni 2030. Mnunuzi anayetoa milioni 58 ana haki ya kujua kwamba muda uliobaki ni mfupi hivyo. Haimaanishi nyumba itachukuliwa. Mmiliki anaweza kuomba muda mpya, na wengi huongezewa. Lakini ni maombi, yana ada, na masharti ya hati yanaangaliwa kama yalitimizwa, ikiwemo kodi ya ardhi kulipwa. Ukiwa pale ofisi ya ardhi ya mkoa kwa ajili ya usimamizi, uliza hapo hapo utaratibu wa kuomba muda mpya, na mkubaliane na mnunuzi nani ataomba na nani atalipia. Hili ndilo jambo linaloweza kushusha bei kihalali. Ukilisema mwenyewe unabaki na uaminifu wako, akiligundua mwenyewe ataanza kushuku na mengine.

Kodi nitapita haraka. Kodi ya pango la ardhi ilipwe yote, upate risiti. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza Sh 1,000 kwa mwezi na tangu 2023 ni Sh 1,500, kwa hiyo zile meseji zako zitakuwa ushahidi wa hilo pia. Utahitajika uthamini wa nyumba na mthamini aliyesajiliwa, uidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, kwa bei yenu ni Sh 580,000, kwa kawaida hulipa mnunuzi. Andikeni kwenye mkataba ili msije mkakumbushana.

Kodi kubwa ni ile ya faida ya kuuza. Kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ukitoa gharama za kupata na kujenga. Ipo nafuu kwa nyumba ambayo mwenyewe ameimiliki miaka mitatu au zaidi na kuishi humo jumla ya miaka mitatu, isipokuwa faida ikizidi milioni 15. Na tangu 2023, asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kwa bei yenu hiyo ni Sh 1,740,000. Kwa kuwa nyumba ni ya mirathi, nenda ofisi ya TRA (Mamlaka ya Mapato) Iringa na karatasi zako wakupigie hesabu kabla hujasaini. Na hapa ndipo vitumbua vyako vinapohesabika: kama risiti za bati, saruji, nondo na mafundi zipo kwenye begi fulani chini ya kitanda, zitoe. Kila risiti inapunguza faida kwenye karatasi.

Kuhusu bikoni ya nne. Usiiache. Mianzi ikikaa miaka 20 inatembea, mizizi inasukuma ardhi na majani yanayooza yanafukia kila kitu, na jiwe lililosimikwa na mpima linaweza kuwa liko pale pale, limezama kipimo cha kiganja. Mtafute kijana mwenye panga na jembe, asafishe kwa mikono kwenye kona, asichimbe kwa nguvu. Jirani wa nyuma awepo. Mkilipata, lioshe, piga picha pamoja na jirani akiwa amesimama kando yake. Msipolipata, lisisimikwe jiwe jipya na mtu yeyote kwa kukisia. Nendeni kwa mpima ardhi wa manispaa alirudishe kwa vipimo vya ramani. Mpaka wa mianzi umegombanisha majirani wengi, hasa wakati wa kugema ulanzi, ile pombe ya mianzi, kila mmoja akidai machipukizi ni yake.

Jambo la mwisho la kumuuliza kijana, kwa upole wa mama: bado ana pasipoti ya Tanzania? Nchi yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na asiye raia hamilikishwi ardhi kama raia. Kama ameshachukua uraia wa huko, utaratibu unabadilika na wakili lazima alijue hilo kabla ya kuandika neno lolote. Kama bado ni raia na hawezi kuja kusaini, atampa mtu hapa mamlaka kwa hati ya uwakilishi iliyosainiwa rasmi. Huyo mtu asiwe dalali.

Ukikosa maneno ya kumwandikia, tuma haya kwenye WhatsApp, ubadilishe utakavyo:

"Mwanangu, cheti cha nishati ulichoomba sheria za Tanzania hazikidai, na sitakuletea karatasi ya uongo. Nakutumia matumizi ya umeme ya miezi 12 na nitamleta mkandarasi mwenye leseni akague nyaya. Hati iko kwa jina la marehemu baba yao, nafungua mirathi sasa, na inaisha muda Juni 2030. Pesa ya kuanzia usitume mpaka nikuonyeshe barua ya mahakama. Ukiweza kusubiri, nyumba nakushikia kwa bei tuliyoelewana. Ukiona ni muda mrefu, niambie, sitakulaumu."

Hati yenyewe iweke mahali unapopajua wewe na binti yako wa Mafinga tu. Kila anayetaka kuiona, mpe nakala ya kivuli. Kama ile ya asili iko kwa dalali hata kwa siku moja "ya kumwonyesha mteja", kaifuate kesho asubuhi.